Safari ya Pwani na Rafiki Yangu Mbeba Mikoba



Mwezi wa Julai uliopita, baada ya kuuza pamba na kuweka mahindi ghalani, nilimwomba Padre ruhusa ya siku 10. Mimi ni karani wa parokia, na tangu nilipokabidhiwa daftari la ubatizo sikupata kuondoka hata wiki moja. Padre akacheka, akasema, "Hata mitume waliporudi wamechoka, Bwana wetu aliwaambia waende kando wakapumzike. Nenda, lakini urudi."

Unajua jinsi kipupwe cha huku kwetu Shinyanga kilivyo. Usiku watu huota moto, asubuhi upepo mkavu unavuma mbugani, midomo inapasuka, na vumbi linaingia hata ndani ya sanduku la nguo. Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam alikuwa amenipigia simu mara nyingi akisema, "Njoo upashe mifupa moto huku pwani." Basi safari hii nikakubali.

Rafiki huyo tulisoma naye chuo cha ualimu. Tulilala bweni moja, tukala ugali wa sufuria moja. Katika hesabu alikuwa akitushinda sote. Tulipomaliza, kazi ya kufundisha haikupatikana upesi, kama unavyojua ilivyowapata vijana wengi. Mimi nikapata ukarani wa parokia. Yeye alikwenda Geita akaingia katika duara la dhahabu, akavuta mawe kwa kamba na kupeleka viroba kwenye karasha, mpaka siku moja duara la jirani likaporomoka. Akaogopa, akaenda pwani. Tangu hapo mama yake alitwambia kwamba mwanawe amepata shule kubwa mjini. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo mama huyo anaitwa Mama Mwalimu, na jina hilo analipenda sana.

Habari hii ninaiandika kwa ruhusa ya rafiki yangu mwenyewe, ila jina lake ameniomba nisilitaje.

Njiani

Nilipanda basi Shinyanga, tukapita Tinde, Nzega, Igunga, Singida na Manyoni hadi Dodoma. Kutoka Dodoma nikapanda treni mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Kwa muda wa saa 4 hivi nilikuwa nimekwisha fika. Wazee wetu waliokwenda pwani kwa miguu walitumia miezi. Neno hilo uliweke moyoni, msomaji, maana tutalirudia.

Rafiki yangu alinipokea stesheni. Alivaa shati safi na viatu vya raba. Nikamwita, "Mwalimu!" kama tulivyozoea chuoni. Akatazama chini. Usiku, tulipokwisha kula wali na samaki, akaniambia, "Katibu, usiniite mwalimu. Mimi si mwalimu. Ninabeba mikoba ya wachezaji wa gofu. Mama hajui."

Sikujua la kumjibu. Nikiri kwako, msomaji, kwamba jambo la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa aibu, wala si huruma. Niliwaza, "Nimetoka mbali hivi kuja kupumzika kwa mbeba mikoba?" Mungu anisamehe.

Gofu ni mchezo gani?

Pengine utauliza gofu ni nini. Wazee waliofanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui watakueleza, maana Wazungu wa mgodi waliucheza huko. Mchezaji ana mpira mdogo kuliko yai la kuku, wenye uzito usiozidi gramu 46. Anaupiga kwa fimbo yenye kichwa cha chuma mpaka uingie katika shimo lenye upana wa milimita 108, kama mdomo wa kopo. Kisha anakwenda shimo la pili, na la tatu, mpaka yatimie 18. Mwenye kupiga mara chache kuliko wote ndiye mshindi. Fimbo huzidiana urefu na uzito, nayo sheria inaruhusu kuchukua 14 tu. Hizo zote hutiwa katika mkoba mrefu ambao pengine hupita kilo 10, na mtu wa kuubeba ndiye rafiki yangu. Huzunguka uwanja kilometa 7 au 8, na zaidi, kwa muda wa saa 4, akimfuata mchezaji kwenye jua.

Lakini kazi yake si kubeba tu. Hupima umbali kwa macho, hutambua upepo, humwambia mchezaji achukue fimbo ipi, huutafuta mpira majanini, husawazisha mchanga uliochimbwa. Nilipoona hayo nilifahamu kwa nini hesabu zake hazikupotea bure.

Mchezo huu asili yake hasa ni Uskoti. Mwaka 1457 bunge la huko liliukataza, kwa kuwa vijana waliacha kujifunza upinde ili wakacheze. Haukukatazika. Mwaka 1552 John Hamilton, Askofu Mkuu Mkatoliki wa mji wa St Andrews, alitia sahihi hati iliyokubali haki ya wenyeji kucheza katika nyika ya pwani ya mji wao. Kumbe askofu hakuona vibaya watu wake kucheza! Na hadi leo uwanja ule wa kale wa St Andrews hufungwa siku ya Dominika, isipokuwa kwa mashindano machache makubwa. Siku hiyo watu wa mji hutembea juu ya majani yake na watoto wao. Hata majani hupewa Sabato yake.

Wageni wa majira ya baridi

Niliuliza, "Mbona wageni wengine hutoka Ulaya kuja kucheza kwetu?" Rafiki yangu akanieleza. Kuanzia Desemba hadi Februari kwao ni majira ya baridi kali. Jua huchwa mapema, ardhi huganda, na mahali pengine theluji hufunika kila kitu. Mpira hauwezi kuviringika. Wakati huo huo pwani yetu, kuanzia Kenya hadi Zanzibar, ina joto na majani mabichi. Basi mtu humchukua rafiki yake, wakapanda ndege, wakacheza wiki moja au mbili, wakarudi kwao.

Huko Kenya, kaskazini ya Mombasa katika Kaunti ya Kilifi, upo uwanja wa Vipingo wenye mibuyu mikubwa. Hapo, mwezi wa Desemba mwaka 2019, walikusanyika wanawake wa Ulaya waliofanya mchezo huu kuwa kazi, wakashindana, na mshindi akawa Esther Henseleit wa Ujerumani. Mashindano hayo yalirudi hapo Februari 2022, na binti huyo huyo akashinda tena. Kwao ilikuwa baridi, lakini hapa walivaa mikono mifupi. Kusini ya Mombasa, huko Diani, upo uwanja mwingine wa mashimo 18. Dar es Salaam nako kuna uwanja wa Gymkhana, mjini karibu na bahari, na ule wa Lugalo ulio chini ya jeshi letu.

Mimi nami, kumbe, nilikuwa mmoja wa wageni hao wa majira ya baridi! Tofauti ni kwamba wao walikuja na mikoba, na mimi nilikuja kwa mwenye kuibeba.

Mzee aliyejihukumu

Siku ya Jumamosi rafiki yangu alipata ruhusa nimfuate nyuma uwanjani. Siku hiyo alimbebea mzee mmoja, mtu mpole. Walipofika shimo la saba, mpira wa mzee uliingia kichakani. Wenzake walikuwa mbali. Mzee akainama, akasogeza tawi ili apate nafasi ya kupiga, na mguu wake ukaugusa mpira, ukasogea kiasi cha kidole kimoja. Hakuna aliyeona isipokuwa rafiki yangu. Mzee akaurudisha mahali pake, akapiga. Walipomaliza shimo lile akatoa kalamu akasema, "Niongezee moja. Niliusogeza mpira."

Msomaji, katika mpira wa miguu kuna mwamuzi na filimbi. Katika gofu, mara nyingi mchezaji mwenyewe ndiye mwamuzi wake. Hujihesabia, hujihukumu, hujiandikia. Siku ile mzee alishindwa kwa pigo moja tu. Alicheka, akanunua soda kwa wote, wabeba mikoba pia.

Jioni rafiki yangu hakusema sana. Tulikaa ufukweni, bahari ikiwa shwari na ngalawa zikirudi. Mwisho akaniambia, "Yule mzee amejiandikia kosa ambalo hakuna mtu angelijua. Mimi ninamdanganya mama yangu kila Dominika kwa simu. Ananiuliza, 'Watoto wa shule hawajambo?' Nami najibu, 'Hawajambo, mama.' Miaka minne sasa."

Nikamwambia, "Basi mwambie."

Akajibu, "Nikimwambia, ataacha kuitwa Mama Mwalimu. Watamcheka kisimani. Wewe mwenyewe juzi, nilipokuambia, uso wako ulibadilika. Niliuona."

Ni kweli. Sikuweza kukana.

Bagamoyo

Dominika ndiyo siku yenye wachezaji wengi, na rafiki yangu huenda Misa ya alfajiri kisha hukimbilia uwanjani. Dominika ile aliomba ruhusa. Tulikwenda Bagamoyo, mwendo wa kilometa 65 hivi toka mjini, tukasali Misa katika misioni ya kale.

Hapo ndipo Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi mwaka 1868, na kwa sababu hiyo Bagamoyo inaitwa mama wa misioni za bara. Tulisimama penye msalaba ulio ufukweni. Tukaona pia mnara wa kanisa la kale, ambapo maiti ya David Livingstone iliwekwa mwaka 1874 kabla ya kupelekwa Zanzibar na Uingereza. Nani aliileta? Chuma na Susi na wenzao, waliomchukua mabegani toka nchi iitwayo leo Zambia hadi baharini, safari ya miezi mingi.

Mwaka 1878 Mapadre Weupe nao walishuka hapo Bagamoyo, wakaelekea Tabora na ziwa letu. Hawakuwa na treni wala basi. Walihitaji vitambaa vya kununulia chakula njiani, vyombo vya altare, vitabu, dawa, hema. Vitu vile vyote vilikwenda juu ya mabega ya wapagazi. Mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, na toka hapo Habari Njema ikaenea Usukumani. Na wapagazi waliosifiwa kuliko wote katika njia ile walikuwa nani? Walikuwa Wanyamwezi, na ndugu zao Wasukuma, watu wetu wenyewe! Babu zetu walizoea kuja pwani na pembe na kurudi na mizigo ya nguo. Kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Nikamgeukia rafiki yangu nikamwambia, "Mwalimu, tazama. Kalisi ya kwanza iliyofika kwetu ilibebwa begani. Kama wapagazi wale wangaliona aibu, mimi na wewe tungalibatizwa na nani?"

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akajishika bega la kushoto, lile linalobeba mkoba, akatabasamu kidogo. "Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Wewe usinitangulie."

Nikamwongezea kisa cha Sewsunker Sewgolum wa Durban, ambacho nilikuwa nimekisoma zamani. Huyu alikuwa mtu wa asili ya Kihindi huko Afrika Kusini, mbeba mikoba tangu utoto. Alijifundisha mwenyewe, akishika fimbo kwa mikono iliyopishana kinyume cha desturi. Mwaka 1959 alishinda mashindano makubwa ya Uholanzi. Mwaka 1963 aliwashinda Wazungu katika mashindano ya Natal. Kwa sheria za ubaguzi hakuruhusiwa kuingia ndani pamoja nao, akapewa kikombe chake nje, mvua inanyesha. Picha ile ilizunguka dunia. Sasa nakuuliza, aibu ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa yake aliyesimama kwenye mvua, au yao waliokuwa wamekaa pakavu?

Mama Mwalimu

Nilirudi nyumbani nikiwa na kifurushi cha mama yake: kanga mbili, nazi na halua. Nilipofika kwake alikuwa akimenya karanga kivulini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mayu." Akaitika, akanipa kigoda. Nikamkabidhi kifurushi, moyo ukinidunda, maana sikujua kama mwanawe amekwisha sema.

Mama aliendelea kumenya karanga. Baada ya kitambo akauliza bila kuinua uso, "Huo mkoba wenyewe ni mzito?"

Nikajua amekwisha ambiwa. Nikajibu, "Ni mzito, mayu, lakini anauweza."

Akasema, "Alinipigia simu akilia. Nikamuuliza, umeiba? Akasema hapana. Umeua? Hapana. Nikamwambia, basi unalia nini? Mimi nilipouza ng'ombe asome, nilitaka ale na asimsahau Mungu. Jina la Mama Mwalimu mlinipa ninyi watu, sikuliomba." Akanyamaza, akapepeta karanga zake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kilichoniuma ni ile miaka minne. Nilikuwa nikiwaombea wanafunzi ambao hawako."

Hapo alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Sikuwa na la kusema. Nilipoaga akaniambia, "Mwambie aje Krismasi. Asikae huko kwa ajili ya aibu. Na wewe, mkeo umemletea nini?"

Swali hilo la mwisho lilinichoma. Nilikuwa nimekwenda kupumzika siku 10, naye mke wangu alibaki na watoto, kuni, maji na kuku. Nilimletea kanga, ni kweli, lakini kanga si pumziko.

Basi tuseme nini?

Msomaji, sikuandika haya ili upende gofu. Viwanja vyake viko mbali nasi, na fimbo zake zina bei. Ila safari ile imenifundisha mambo ambayo nisingependa kuyafungia katika daftari la parokia.

Kwanza, wazazi. Wapo watoto wengi wa kwetu walio mbali leo: katika maduara ya Geita na Kahama, katika makarasha, mijini, wakiuza maji, wakiendesha bodaboda, wakibeba mizigo. Wengine hawaji nyumbani wala hawasemi kweli, kwa kuwa tulitangaza mno kwamba watakuwa wakubwa. Mtoto wako akipiga simu usimwulize cheo chake. Mwulize kama amekula, kama anasali, kama kazi yake ni halali. Wahenga walisema, kazi mbaya si mchezo mwema. Na Bwana wetu mwenyewe alibeba msalaba begani, naye Simoni wa Kirene akamsaidia. Jina la Simoni halikusahauliwa, na kazi yake siku ile ilikuwa kubeba tu.

Pili, ninyi vijana. Uongo wa aibu hukua kama magugu ya mpunga. Ukiung'oa mapema huumia kidole, ukiuacha utang'oa na mpunga. Mzee yule wa gofu alipoteza pigo moja akalala usingizi. Rafiki yangu aliokoa jina akakosa usingizi miaka minne.

Tatu, sisi waume. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Desemba 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba wafanyakazi wapate nafasi ya kupumzika, wapate kutunza mambo ya familia na ya dini. Haukusema pumziko ni la matajiri wenye ndege, wala haukusema ni la baba peke yake. Si lazima kwenda pwani. Baada ya mavuno mtu aweza kumpeleka mkewe kwa wazazi wake siku tatu, au ziwani Mwanza, au hata kukaa naye Dominika alasiri chini ya mti huku watoto wakubwa wakichota maji.

Mimi nimekwisha zungumza na Padre. Mwakani, Mungu akipenda, baada ya pamba, nitaomba ruhusa tena, na safari hiyo tutakuwa wawili, mimi na mama watoto. Rafiki yangu amesema atatupokea stesheni na kubeba sanduku letu. Nilimjibu kwamba sanduku nitalibeba mimi.

Naye Krismasi atakuja. Mama yake amekwisha chagua jogoo. Kisimani wapo waliocheka siku mbili tatu, kisha wakachoka. Na katika jumuiya, Alhamisi iliyopita, mmoja wetu alimwita kwa mazoea, "Mama Mwalimu," akashtuka, akaomba radhi. Mama akamwambia, "Niite tu. Amenifundisha kitu."